Asilimia 20 ya ufanano si kibali cha kunakili

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya wanafunzi wa vyuo vikuu: kazi yako ikionyesha ufanano (sehemu ya maneno yake yanayolingana na maandishi mengine) chini ya asilimia 20 uko salama, ikizidi hapo unafukuzwa chuo bila kusikilizwa. Sehemu zote mbili si sahihi.

Programu ya kukagua ufanano haiamui nani ameiba maandishi. Inalinganisha mifuatano ya maneno, kisha inahesabu. Ndani ya hesabu hiyo huweza kuingia nukuu zilizowekewa alama, orodha ya marejeo, hata maswali ya dodoso, mkaguzi asipoyaondoa. Ndiyo maana kazi safi inaweza kufika asilimia 30. Kwa upande mwingine, aya ya maneno 300 iliyonakiliwa bila kutaja chanzo, ndani ya tasnifu ya maneno 10,000, ni asilimia 3 tu, na bado ni kosa. (Aliyetafsiri makala ya mtu kutoka lugha nyingine anaweza kupata karibu sifuri.)

Mkanganyiko unatokana na idara zinazoweka kiwango cha kurudisha kazi irekebishwe kabla ya kupokewa. Hicho ni kichujio, si hukumu. Adhabu kwa kawaida hutanguliwa na tuhuma za maandishi, nafasi ya kujitetea na kikao cha nidhamu, kisha kuna rufaa yenye muda wake maalumu.

Kuhakiki ni rahisi: fungua ripoti yenyewe, soma kila kipande kilichopakwa rangi pamoja na chanzo chake, halafu pitia kanuni za mitihani za chuo chako. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.