"Såre" si kujeruhi kila mahali

Wengi wanaojifunza Kidenmaki au Kinorwe hudhani såre ni kujeruhi tu. Kama kitenzi, ni kweli: hujeruhi mwili, hujeruhi na moyo. Lakini katika Mwanzo 1:31, Biblia za zamani za lugha hizo zinasema "såre godt", yaani "chema sana". Hapo ni kielezi, hakuna jeraha lolote. Zamani kielezi hicho kilimaanisha "kwa maumivu". Maumivu yakafifia, ukabaki msisitizo. Sehr ("sana") ya Kijerumani ilipita njia hiyohiyo. Neno såre likitangulia kivumishi, soma "sana". Likifuatwa na mtendwa, soma "jeruhi". Usilitumie mazungumzoni kwa maana ya "sana", litasikika la kizamani. Mdenmaki wa leo husema meget. Hata Kifini kiliazima mzizi wa såre: sairas, "mgonjwa".