Picha ya mashine, haki ya nani?

Kijana mchora vibonzo alinijia ofisini Kariakoo na simu mkononi. Bonde la Jangwani lilikuwa limefurika kama ilivyo kawaida yake, naye akaiagiza programu ya akili mnemba imtengenezee picha: kiongozi wa kubuni, suti na tai, akivua perege kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi. Watu walicheka, wakasambaza. Kisha mtu akamtishia kumshitaki kwa kueneza uongo.

"Wakili, nikisema ni kazi ya mashine, nitapona?"

Hapana, na wala asijifiche huko. Mashine haina haki. Mwenye haki ni yeye. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ambao Tanzania ilijiunga nao 1976, inalinda uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo, bila kujali mipaka, kwa njia yoyote mtu aichaguayo. Penseli ni njia, programu nayo ni njia. Tena lile neno "kupokea" tunalisahau mno: aliyecheka Mbagala naye ana haki yake humo.

Serikali inaweza kuweka mipaka, lakini kwa sheria iliyo wazi, kwa lengo lililotajwa na ibara yenyewe, kama heshima ya watu wengine au usalama wa taifa, na kwa kiasi cha lazima tu. Uongo mtupu haumo kati ya malengo hayo. Lazima kuwe na madhara. Ile "hela tuma kwenye namba hii" ikija kwa sauti ya mama yako iliyoigwa na mashine, huo ni wizi, na kuukataza ni halali. Binti akitengenezewa picha ya uchi, ameumizwa. Perege wa Jangwani amemuumiza nani?

Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatoa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayechapisha uongo akijua, kwa nia ya kupotosha umma. Naiona kali kupita kiasi. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao hapo Arusha, iliamua kwamba kumfunga mwandishi Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso kwa kashfa kulivunja uhuru wake wa kujieleza. Na Azimio la Kanuni za Uhuru wa Kujieleza Afrika la 2019 linazitaka nchi zifute makosa ya jinai ya habari za uongo.

Hata hivyo sheria ipo, na kiini chake ni nia. Nikamwambia aandike "picha ya kutungwa" juu ya picha yenyewe, si chini yake, maana maelezo ya chini hupotea picha ikihamia WhatsApp. Pia ahifadhi maneno aliyoiagiza programu, pamoja na tarehe. Mbele ya hakimu, hayo ndiyo yatakayoonyesha alikusudia nini.