Kitimoto na kifafa: tegu hapandi kichwani

Husemwa kwamba ukila kitimoto chenye minyoo, minyoo hupanda ubongoni na kukuletea kifafa. Sivyo. Nyama yenye ugonjwa huwa na vifuko vyeupe, mithili ya punje za mchele. Ukivimeza kabla havijaiva, unapata tegu, yaani mnyoo bapa mrefu wa utumboni. Kinachofika ubongoni ni vibuu vinavyoanguliwa ukimeza mayai ya tegu huyo, yanayotoka na kinyesi cha mtu, chako au cha jirani, na kukufikia kwa mikono isiyonawiwa, kachumbari ya maji machafu. Hata asiyegusa nguruwe huugua. New York madaktari waliwahi kuukuta ugonjwa huu wa ubongo kwa Wayahudi washika dini. Nguruwe azururaye naye hula kinyesi hichohicho. Na ile bia ya kusindikizia? Haiui vifuko. Moto ndio unaoviua, nyama iive hadi ndani.