Je, wajua kwa nini bosi hujibu "Tutaliangalia"?

Umejikaza wiki nzima, ukagonga mlango, ukaomba nyongeza ya mshahara. Bosi akakusikiliza kwa upole: "Nimekuelewa. Tutaliangalia." Miezi mitatu ikapita, hakuna aliyeangalia chochote. Wengi huishia kusema bosi mchoyo. Mara nyingi si uchoyo: ulimwomba kitu ambacho siku ile hakuwa nacho.

Fungu la mishahara kwa kawaida hupangwa mara moja kwa mwaka. Serikalini, Tanzania na Kenya, mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kampuni nyingi binafsi huanza Januari. Makadirio huandikwa miezi kadhaa kabla. Anayegonga mlango Februari kwenye kampuni ya Januari anakuta pilau limeliwa na sufuria zimeoshwa. Angekwenda Septemba, wakuu wa vitengo wangali wanaandika.

Tena bosi wako wa karibu aghalabu hana mamlaka ya kusaini. Anakwenda kukuombea kwa mkurugenzi, na huko anabeba maneno uliyompa wewe. Niliwahi kusimamia stoo ya bidhaa za jumla. Kijana mmoja alinijia: kodi imepanda, mwenye nyumba anataka ya miezi sita, mtoto anaingia kidato cha kwanza. Kweli tupu, na nilimhurumia. Lakini ningeyapeleka wapi? Kila aliyekuwa kwenye orodha ya mishahara alikuwa na mwenye nyumba wake.

Mwenzake alikuja na kaunta buku. Akanifunulia: zamani tulihesabu mzigo mara moja kwa mwezi, na kila mwezi katoni kadhaa za mafuta ya kula hazikuonekana. Tangu aanze kuhesabu kila Jumamosi, kwa miezi minne ilikuwa imepotea katoni moja tu. Sikuhitaji kumtungia hoja. Nilipiga picha kurasa mbili nikapanda nazo juu.

Halafu taja kiasi, ukijua uzito wake. Tuseme uko Tanzania Bara, unalipwa 800,000 na unaomba laki moja zaidi. NSSF, mkigawana nusu kwa nusu na mwajiri, inachukua 10,000 kwako. Kodi ya mapato inaongezeka 20,500. Mkononi zinakufikia 69,500. Mwajiri naye anaongeza 10,000 yake ya NSSF, juu yake mchango wa mfuko wa fidia na tozo ya ujuzi, kwa hiyo laki yako inamgharimu zaidi ya 110,000. Ndiyo maana wewe unaiona ndogo na yeye anaiona kubwa, na wote mna haki.

Usimvizie kwenye korido, wala usianze mbele ya watu. "Shikamoo mama, naomba dakika kumi kesho au keshokutwa, nina jambo kuhusu kazi yangu" inatosha. Mshahara wa mwenzako usiutaje kabisa; ukiutaja tu, mazungumzo yanageuka kuwa ya nani amekuambia. Na kutishia kuondoka wakati huna pa kwenda ni kamari, maana kuna mabosi wanaojibu "kila la heri" bila kupepesa macho.

Akisema "tutaliangalia", usiage hapo hapo. Muulize kwa adabu: "Makadirio yanafungwa lini, nikuletee maelezo kwa maandishi kabla ya hapo?" Yule wa kaunta buku aliniuliza hivyo. Nikamtajia Oktoba 15. Tarehe 12 asubuhi nilikuta karatasi mezani kwangu, ukurasa mmoja, imechapwa, na hesabu za Jumamosi ya mwisho zimeongezwa kwa kalamu.