Je, wajua kwa nini sauti za do, mi na so hupatana, lakini do na re hukwaruzana?

Aliyewahi kukaa karibu na wapiga adungu kanisani kule Arua, Uganda, anajua utamu wake: ile kubwa ya besi inanguruma, ndogo zinaitikia, na sauti zote zinakuwa kitu kimoja. Adungu ni kinubi cha Waalur wa West Nile, na nyingi siku hizi nyuzi zake hufuata mpangilio wa sauti saba: do re mi fa so la ti. Hiyo ni bahati kwa anayejifunza kodi, yaani sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Piga uzi wa do, ruka mmoja, piga unaofuata, ruka tena, piga wa tatu. Do, mi, so. Kodi hiyo.

Siri iko kwenye mtikisiko. Uzi wa do ukitikisika mara 4, wa mi hutikisika mara 5 hivi na wa so mara 6. Kila mara nyuzi hizo hurudi mwanzo pamoja, kama wacheza ngoma wanaokanyaga chini kwa mguu mmoja. Do na re ni 8 kwa 9: hukutana kwa nadra, na sikio husikia mkwaruzo.

Ndiyo maana mwanafunzi afundishwe kusikiliza kabla ya kupiga. Chukua nyuzi mbili zinazopaswa kulingana. Moja ikitikisika mara 220 kwa sekunde na nyingine 223, utasikia sauti ikivimba na kunywea mara 3 kila sekunde. Kaza polepole ile ya 220 mpaka uvimbe huo utulie. Adungu isiyolinganishwa hivi haiokolewi na vidole, hata viwe hodari vipi.

Kwenye kinanda, hesabu vitufe vyeupe na vyeusi: kutoka do panda 4 upate mi, panda 3 upate so. Hiyo ni meja, kodi changamfu. Ukianza na 3 kisha 4 unapata maina, yenye simanzi.

Amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, ina njia yake. Sauti zake tano zimeachana kwa nafasi zinazokaribia kulingana, kwa hiyo do mi so ya kwaya haikai pale. Utamu wake hutoka kwa wapigaji wawili wanaotazamana, kila mmoja akitia pigo lake katikati ya mapigo ya mwenzake. Anayesema muziki huo una upungufu kwa kuwa hauna kodi hajausikiliza.

Sasa shika adungu ya nyuzi 9. Ukianzia do unapata do-mi-so; ukianzia fa, fa-la-do; ukianzia so, so-ti-re. Hesabu: sauti zote saba zimo humo. Ndiyo maana kodi hizi tatu hutosha kusindikiza nyimbo nyingi za kwaya, kwani sauti yoyote ya do re mi atakayoishika mwimbaji ina kodi ya kuibeba.