Usalama wa moto kwenye jengo la biashara ni wajibu wa nani?

Wajibu wa usalama wa moto ni yale yote ambayo sheria inamtaka mwenye mahali pa kazi afanye ili moto usizuke, na ukizuka watu watoke wakiwa hai. Nairobi wengi wanaufupisha ukawa mtungi mwekundu wa kuzimia moto uliotundikwa ukutani, na mara nyingi mtungi wenyewe umezibwa na maboksi ya bidhaa.

Kenya tunaongozwa hasa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, pamoja na kanuni za kupunguza hatari ya moto zilizotolewa mwaka huohuo. Sheria inamwangalia kwanza yule anayetumia mahali hapo, awe ndiye mwenye jengo au mpangaji tu. Kwa hiyo mwenye saluni hawezi kujitetea kwamba yeye analipa kodi tu. Nyaya alizounganisha mwenyewe, gesi aliyoweka nyuma ya pazia, wafanyakazi wasiojua pa kukimbilia: hayo ni yake. Ngazi, korido na nyaya kuu za jengo kwa kawaida ziko mikononi mwa landilodi, na hapo ndipo mvutano huanza, maana kila mmoja humsubiri mwenzake.

Jambo ambalo mimi ningelitazama kabla ya mtungi ni mlango. Sheria inakataza mlango wa mahali pa kazi kufungwa watu wakiwa ndani kwa namna ambayo hawawezi kuufungua mara moja. Kwenye chumba chenye wafanyakazi zaidi ya kumi, mlango wa kutokea kwenye ngazi au korido unapaswa kufunguka kuelekea nje, isipokuwa ule wa kuteleza. Sababu ni rahisi: umati ukiusukuma mlango unaofunguka kwa ndani, unajifungia wenyewe. Duka kuu la Nakumatt Downtown lilipoungua Januari 2009, watu zaidi ya 20 walikufa, na lawama nyingi zilizofuata zilihusu njia za kutokea. Hata hivyo ukipita leo kwenye majengo ya vistoli, yaani vyumba vidogo vya maduka, barabara ya Luthuli au mtaa wa Eastleigh hapa Nairobi, utakuta geti la ngazi ya nyuma lina kufuli. Wanasema ni kwa ajili ya wezi. Wezi wapo kweli, lakini komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo huwazuia pia.

Yanayobaki ni ya ratiba: ukaguzi wa moto unaofanywa na mkaguzi aliyeidhinishwa kila miezi 12, na zoezi la kuhama jengo angalau mara moja kwa mwaka. Kaunti nayo ina cheti chake cha moto, ambacho wafanyabiashara hukilipia pamoja na leseni kisha hukisahau kwenye fremu.

Kama unakodi, mkataba wa pango useme waziwazi nani anahudumia mitungi, nani anamwita mkaguzi, na nani anahakikisha korido haigeuzwi stoo.