Eti haina kemikali: dhana potofu na ukweli kuhusu lishe na dawa za mitishamba

Kibandiko cha chupa ya dawa ya mitishamba kina sura moja popote utakapokikuta. Juu kuna jani la kijani lenye tone la maji. Chini yake maneno makubwa: asilia asilimia 100, haina kemikali, haina madhara. Kisha orodha: presha, kisukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, maumivu ya viungo, kukosa usingizi. Geuza chupa utafute kiasi cha kunywa, nani asiinywe na isichanganywe na nini; mara nyingi hutakuta neno. Paketi ya parasetamoli ina karatasi nzima ya mambo hayo.

Siandiki haya kama adui wa mitishamba. Tangawizi haikosekani jikoni kwangu, na inasaidia kweli kichefuchefu. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja akikohoa usiku, kijiko cha asali kinamtuliza vizuri tu. Kinachonikera ni mkataba wa ajabu tunaouwekea mmea: tunautaka uwe na nguvu ya kushusha sukari, ila usiwe na nguvu ya kuishusha kupita kiasi. Mmea haujasaini mkataba huo.

"Ni ya asili, kwa hiyo haidhuru"

Kinachokuwasha ulimi ukitafuna tangawizi mbichi ni kemikali, tena ina jina lake: jinjeroli. Ukiondoa kemikali zote kwenye jani, hakuna jani litakalobaki. La kuuliza ni kemikali ipi, na kiasi gani.

Mwaka 1992 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walianza kuona wanawake ambao figo zao zilikuwa zinakufa kwa kasi bila sababu inayoeleweka. Wa kwanza waliofuatiliwa waligundulika kupita kliniki moja ya kupunguza unene, na vidonge walivyopewa vilikuwa na mitishamba ya Kichina ndani yake. Mmea uliokusudiwa ni Stephania tetrandra, ambao Wachina huuita fang ji. Uliotiwa ni Aristolochia fangchi, yaani guang fang ji. Majina ni ndugu, na kabla ya wagonjwa kuanza kumeza hakuna aliyehakikisha ni mmea gani hasa uliomo.

Waliodhurika walizidi 100, na wengi waliishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo. Balaa halikuishia hapo. Wagonjwa 39 walikubali kuondolewa figo zilizokufa pamoja na mirija yake ili kuzuia hatari ya baadaye. 18 kati yao walikutwa tayari wana saratani ya njia ya mkojo. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2000, miaka mingi baada ya vidonge vile kuachwa. Ndiyo maana mtu akiniambia ametumia dawa fulani mwezi mzima na hajaona dhara, namwamini, ila jibu lake halinitoshi. Figo haipigi kelele mwezi wa kwanza.

Kuna na ujanja wa upande wa pili: chupa yenye picha ya mizizi lakini ndani kuna dawa ya kiwandani iliyofichwa. Wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wamekuta sildenafili kwenye "mizizi" ya nguvu za kiume, deksamethasoni kwenye dawa "za asili" za viungo, na sibutramini kwenye chai za kupunguza unene, dawa ambayo iliondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya hatari zake kwa moyo. Kwa hiyo "mitishamba" inayokutoa maumivu ya miaka kumi ndani ya siku mbili, badala ya kuishangilia, ishuku.

"Ukichemsha ukanywa, umepata dawa ileile"

Wanaosema hivi huleta mfano wa artemisinini, dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea wa Artemisia annua. Mfano ni mzuri, ila ukisimuliwa wote unawageukia.

Tu Youyou na wenzake nchini China walikusanya zaidi ya mapishi 2,000 ya dawa za jadi wakitafuta kitu cha kuua vimelea vya malaria. Artemisia ilionyesha dalili njema mwanzoni, kisha majaribio yaliyofuata yakawa hayaeleweki. Tu akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, yaliyosema loweka konzi ya majani kwenye maji, kamua, kunywa. Hakukuwa na neno la kuchemsha. Akashuku kwamba joto ndilo lililokuwa linaiharibu dawa, akaitoa kwenye majani kwa etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzijoto kama 35 tu. Oktoba 1971 dondoo lake likafagia vimelea vyote kwenye panya na nyani waliojaribiwa. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo heshima ya tabibu wa kale iko palepale: alijua kitu. Lakini sufuria inayotokota jikoni siyo dawa aliyoipata Tu. Kikombe cha leo na cha kesho havina kiasi sawa, kwa sababu majani hutofautiana kwa udongo, msimu na namna yalivyokaushwa. Kwa malaria hilo ni hatari mara mbili: mgonjwa haponi, na vimelea vinavyobaki vikionja dawa kidogo kidogo hujifunza kuihimili. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya artemisia, wala kuinywa kama kinga.

Wanaocheka mitishamba yote na kuiita ushirikina nao wamekosea, na hawa sitawachelewesha. Salisini ya gome la mwerebi ndiyo iliyotuonyesha njia ya kuelekea aspirini. Kinini ilitenganishwa kutoka gome la mti mwaka 1820. William Withering aliandika mwaka 1785 jinsi majani ya mmea wa digitalis yanavyosaidia wagonjwa waliovimba miili, na kazi kubwa aliyoifanya ilikuwa kutafuta kipimo, maana majani hayohayo yakizidi kidogo husimamisha moyo. Dawa iliyotokana nayo, digoksini, bado inatumika, na kidonge chake hupimwa kwa sehemu ya miligramu.

Hata jina la mwarobaini lina tangazo ndani yake, eti maradhi arobaini. Mti una faida zake, sibishi. Lakini mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwalaza watoto wachanga kwa degedege na ini kuharibika baada ya kunyweshwa, na hilo jina halikulisema.

"Kuharisha ndiyo sumu inatoka"

Hapana. Kuharisha ni sanamaki inafanya kazi yake.

Dawa nyingi za "kusafisha mwili" zina sanamaki au ndugu zake, na sanamaki ni dawa halisi ya kufungua choo: huchokoza utumbo mpana ukajikamua na kuachia maji. Anayetumia kwa siku chache kwa sababu ya choo kigumu hana kosa. Anayeinywa wiki nzima ili "atoe sumu" anatoa maji na potasiamu, na kilo mbili alizopungua hurudi akinywa maji. Ukimuuliza muuzaji ni sumu gani, jina lake nani, hupati jibu.

Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, karibu zote zikarudishwa mwilini, na ikabaki lita moja au mbili ya mkojo. Ini nalo halina likizo. Viungo hivi vikishindwa, dawa yake si juisi ya kijani. Na juisi yenyewe ikijazwa mchicha mbichi kila siku kwa wiki kadhaa huleta oksalati nyingi, ambayo kwa mwenye figo dhaifu inaweza kuziba figo hizohizo alizotaka kuzisafisha.

"Kijiko cha unga wa mlonge kinashinda maziwa na machungwa"

Hesabu maarufu inasema mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa na kalsiamu mara kadhaa ya maziwa. Tatizo ni kwamba kinalinganishwa gramu kwa gramu kitu unachokula kwa kijiko na kitu unachokunywa kwa glasi. Nilichukua kijiko cha mezani cha unga huo nikakiweka kwenye mizani ya jikoni: gramu sita na kidogo. Gramu 100 za unga mkavu zina kalsiamu ipatayo miligramu 2,000, hivyo kijiko changu kilikuwa na kama 120. Glasi ya maziwa ina karibu 300. Ile mara saba ya vitamini C ni ya majani mabichi. Yakikaushwa, sehemu kubwa hupotea.

Miligramu 120 za kalsiamu si haba, na majani ya mlonge ni mboga nzuri sana. Yaliwe kama mboga, kwa sahani.

"Kitu chekundu huongeza damu"

Hii ni dhana ninayoielewa kabisa, kwa sababu macho yanaiunga mkono: juisi ya bitiruti ni nyekundu, damu ni nyekundu, na anayeinywa huenda akakojoa rangi hiyohiyo. Lakini wekundu wa damu unatokana na chembe zenye madini ya chuma, na wa bitiruti unatokana na rangi iitwayo betanini, ambayo haina chuma hata chembe. Gramu 100 za bitiruti zina chuma chini ya miligramu moja. Dengu zilizopikwa, ambazo hazina wekundu wa kujivunia, zina zaidi ya mara tatu ya hiyo. Mwanamke mwenye umri wa kuzaa hukadiriwa kuhitaji takriban miligramu 18 kwa siku, na mjamzito 27.

Mengi huamuliwa na vinavyoandamana mezani. Chuma cha mimea hunyonywa kwa shida. Limau au tunda lenye vitamini C kwenye mlo uleule hukisaidia kupita, na kikombe cha chai ya rangi juu ya mlo hukizuia. Kuisogeza chai saa moja au mbili mbele ni hatua isiyo na gharama, na bado ni wachache wanaoambiwa. Tena upungufu wa damu una sababu zake: minyoo, hedhi nzito, kidonda kinachovuja tumboni. Mzee aliyepungukiwa damu ghafla anahitaji kupimwa, na kila wiki anayopoteza kwenye juisi inampa ugonjwa nafasi.

Bitiruti ina sifa nyingine ambayo haitangazwi sana: naitreti zake hushusha presha kidogo.

"Vitamini hazina kuzidi"

Huko Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 waligawanywa makundi, wengine wakapewa kila siku miligramu 20 za beta-karotini, rangi ileile ya karoti, kwa matumaini kwamba ingewakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliopewa walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya ambao hawakupewa. Karoti haijawahi kufanya hivyo. Kidonge kilifanya.

Asali, kwa kuwa nimeisifu hapo juu: karibu asilimia 80 yake ni sukari, na kipimo cha mgonjwa wa kisukari hakijali kwamba ilitoka kwa nyuki. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe hata tone, kwa hatari ya botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli.

"Natumia zote mbili, zinasaidiana"

Mwaka 1989 watafiti wa Kanada waliokuwa wanachunguza dawa ya presha iitwayo felodipini walitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe kwenye jaribio lao. Kiwango cha dawa kwenye damu kikapanda kuliko walivyotarajia. Mkosaji hakuwa pombe, alikuwa balungi: huzima kimeng'enya cha utumbo kinachovunjavunja dawa, na kidonge kimoja kikawa kama viwili au zaidi. Baadhi ya dawa za kolesteroli hupatwa na jambo hilohilo.

Kinyume chake pia kipo. Mmea wa Hypericum perforatum, unaouzwa kwa ajili ya huzuni, huharakisha mwili kuondoa dawa, na umesababisha vidonge vya uzazi wa mpango, baadhi ya dawa za VVU na dawa za kulinda figo zilizopandikizwa zipungue nguvu. Vidonge vya kitunguu saumu vilishusha dawa moja ya VVU, sakwinaviri, kwa kama nusu. Kitunguu cha kwenye mchuzi hakina shida hiyo. Nazungumzia vidonge vilivyokolezwa.

Wapo wanaokwepa mgongano huu kwa kuacha dawa ya hospitali kabisa, kwa kuwa wameanza majani na wanajisikia vizuri. Presha ya 170 kwa 100 nayo hujisikia vizuri. Haina kidonda wala homa, na njia pekee ya kujua imeshuka ni kuipima.

Daktari huuliza: kuna dawa nyingine unayotumia? Jibu huwa hapana. Na anayejibu hivyo, asubuhi ile amekunywa kikombe cha kitu ambacho nyumbani hakina jina jingine ila dawa. Nenda na chupa yenyewe; kama ni majani au mizizi, funga kidogo kwenye karatasi, uwe na jibu la ulianza lini na unakunywa mara ngapi. Na ukiwa umepangiwa upasuaji, sema wiki mbili au zaidi kabla ya siku yenyewe, maana dawa za mmea wa ginko na vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kufanya damu ichelewe kuganda.